Randa ya Elfu Thelathini na Tano

Mchana kutwa mimi ni mtu wa kioo:
sindano, darubini, tone la damu
lililotandazwa jembamba hadi vijidudu vijitokeze.
Hospitalini Mbale wananijua kwa glavu.
Hakuna aliyewahi kuuliza mikono hii,
ikishavuliwa, inatamani nini.

Inatamani mbao.
Usinicheke. Nina miaka arobaini na miwili
na sijawahi kupigilia msumari ukabaki wima.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda madukani.
Vifaa vilining'inia ndani ya plastiki,
vyekundu, vipya, vyepesi kama ahadi za kampeni.
Patasi niliyonunua ilijikunja kwenye mvule siku ileile,
kama kijiko cha bati kwenye posho iliyolala.

Jumamosi ya pili nikaenda kwa Okiror
anayeuza chuma kilichokufa, nyuma ya soko:
springi za lori, pasi za mkaa, kufuli zisizo na funguo.
Nilichakura mpaka kucha zikawa rangi ya chai.
Chini kabisa, chini ya mnyororo wa baiskeli,
randa:
nzito, imelala kifudifudi, kutu hadi kooni,
na ubavuni mtu aliwahi kukwaruza kwa msumari: Y. W.
"Elfu sitini," akasema Okiror.
"Haina hata kabari," nikasema.
Tukabishana hadi mvua ikashuka kutoka Wanale
ikatusukuma chini ya turubai moja.
Hapo ikawa elfu thelathini na tano,
na kabari akaitoa mfukoni mwake, bila haya.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima.
Wahenga hawakununua ile patasi.

Kisha kitabu. Cha mtumba,
chenye muhuri wa shule ya ufundi iliyofungwa zamani,
michoro, mishale, vipimo vya inchi.
Nilikisoma kitandani kama riwaya
nikafika ukurasa wa hamsini na sita:
Sasa utachonga ulimi na tundu lake. Kwanza
na ukurasa uliofuata ulikuwa wa sitini na tano.
Kurasa nane zilikwenda kufungia njugu.
Jinsi mti unavyomshika mti mwenzake
imeliwa na wapita njia, kwa chumvi.

Ndivyo nilivyofika kwenye karakana ya vitanda na majeneza.
Mwenyewe hakuwa na nafasi; kulikuwa na msiba Busiu.
Akanielekeza kwa kidevu kwa mwanagenzi wake,
Wandeba, miaka kumi na sita,
penseli sikioni, maranda nyweleni.
Aliitazama randa yangu. Hakucheka.
Akachomoa kisu chake, akakigusa kwa dole gumba.
"Hii ina njaa, dada. Haijalishwa jiwe.
Kwanza kunoa. Wiki mbili. Mbao baadaye."

Wiki mbili!
Kila jioni jiwe, maji, duara, duara,
harufu ya gundi, redio ya jirani,
mpaka kisu kikanyoa malaika ya mkono wangu.

Ndipo akaniwekea kipande cha mvule:
"Papasa. Mbao ina manyoya kama paka.
Mfuate anakolala. Ukimpapasa kinyume, atakukwaruza."
Nilimpapasa kinyume. Alinikwaruza.
Nikageuza ubao, nikasukuma,
na randa ikatoa utepe mmoja, mrefu,
mwembamba hata nilipouinua kwenye mwanga
nikaona uso wa Wandeba upande wa pili,
kama ninavyoona kazini kupitia tone.

Sasa katikati ya kile kitabu kuna karatasi nane za daftari,
mwandiko wangu wa maabara, maneno ya Wandeba
kama alivyoyasema, paka akiwemo.

Na kigoda kipo, cha miguu minne.
Kinacheza.
Wandeba anasema kosa ni la sakafu; ni kijana mwenye adabu.
Kando ya Y. W. bado sijakwaruza langu.
Mgeni akija, namkaribisha akikalie,
namwomba tu
aegemee kushoto.